Barua ya Pili Haina Mwandishi

Barua aliyoandika Bi Salamu ilikuwa moja. Hilo hakuwa na shaka nalo, maana ndiyo kwanza alikuwa amefika kazini, hata mkoba hajautundika, na barua yenyewe ilikuwa fupi: lenzi jozi moja, jicho la kulia kipimo hiki, la kushoto kile, fremu ya kahawia, ahsanteni na kazi njema. Akabonyeza Tuma. Pembeni mwa kioo cha kompyuta kikajitokeza kidirisha cha kijani cha Kinga, ile programu ya kuzuia virusi ambayo Daktari aliinunua mwezi uliopita na kuisifu kuliko alivyowahi kumsifu mfanyakazi yeyote. Kidirisha kikaandika: Nakagua barua 1 kati ya 2.

"Ya pili ya nani?" Bi Salamu akakiuliza.

Hakikujibu. Kijistari cha kijani kikatambaa mpaka katikati, kikasimama. Baada ya dakika nne ukaja ujumbe mwekundu kwamba seva imechoka kungoja na imekata mawasiliano, na barua ikarudi kwenye kisanduku cha kutoka kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Papo hapo chumba kikanuka udongo. Haikuwa harufu ya uchafu, ilikuwa ile ya matone ya kwanza ya mvua yakianguka kwenye vumbi la kiangazi. Bi Salamu akachungulia dirishani. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na ukuta ulikuwa mkavu, jua linawaka.

Lilikuwa duka la miwani: chumba cha mbele cha fremu na vioo, chumba cha giza ambamo Daktari alipimia watu macho, na nyuma kabisa kijichumba cha karani. Karani ndiye Bi Salamu. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo kutoka kwa Daktari, kuviandikia kiwanda cha lenzi kilichokuwa mji mwingine, na miwani ikirudi, kumwandikia mteja aje aichukue. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kuanza barua bila salamu. Hata akiagiza skrubu, angewauliza kwanza wenye skrubu wameamkaje. Daktari alikwisha mwambia mara nyingi kwamba baruapepe haihitaji mambo hayo. Yeye alijibu kwamba adabu haina umeme wala mtandao.

Barua moja kwa siku ilikuwa yake mwenyewe. Saa saba mchana, akila, alimwandikia binti yake. Binti huyo alikuwa wa pekee, wa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, mbali kiasi cha usiku mzima wa basi, na tangu baba yake afariki walikuwa wamebaki wawili tu duniani. Bi Salamu alimwandikia kila kitu: alichoota, alichosema jirani, alivyomkumbuka alipokuwa na miaka sita akameza kifungo cha shati na kulia akidhani atakuwa shati. Asingekuwa na huyo mtoto, Bi Salamu hakujua angeamkia nini asubuhi.

Wiki ile barua zikakwama zote. Kila alipoandika moja, Kinga ilihesabu mbili, ikakwama kwenye ya pili, na harufu ya udongo ikapanda.

Alhamisi Daktari akaja akasimama mlangoni. "Bi Salamu, wateja watano wamenipigia. Wanasema hawajaona barua."

"Natuma, Daktari. Zinakwama."

"Zangu za nyumbani mbona hazikwami?"

"Za nyumbani hazipiti kwenye mashine hii."

"Mimi sisemi kitu," akasema Daktari, na mtu akianza hivyo ujue amekwisha sema.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia Bi Salamu, na shaka ni mgeni anayejiandikia chumba. Shemeji yake Daktari alikuwa hana kazi. Mwezi huo alikuwa amepita dukani mara tatu, na mara ya mwisho aliuliza kiti cha karani kinaweza kupandishwa au ni hivyo hivyo. Mtu anaulizia urefu wa kiti cha mwenzie kwa nini? Bi Salamu akaanza kuamini kwamba kuna mkono unaoingia chumbani mwake akiwa hayupo, unaandika barua za pili ili za kwanza zikwame, ili aonekane mzembe.

Ijumaa akaweka mtego. Alimwandikia binti yake, akabonyeza Tuma, akanyunyiza poda ya uso juu ya kibodi, akafunga mlango kwa ufunguo na kwenda kukaa nje nusu saa. Aliporudi poda ilikuwa vile vile, nyeupe, haina alama hata ya mguu wa nzi. Lakini kidirisha cha kijani kilikuwa wazi, na chini yake neno Maelezo, ambalo siku zote hakulijali. Akalibonyeza.

Barua ya kwanza: salama. Barua ya pili: haina mwandishi. Nimeizuia.

Alisoma mara mbili, na alipokuwa anasoma mara ya tatu, kutoka kwenye spika ndogo za kompyuta, ambazo zilikuwa zimezimwa tangu Daktari akataze muziki, ukatoka mlio mdogo, mtulivu, ko, ko, ko, kama wa mtu mstaarabu anayegonga mlango kwa kifundo kimoja cha kidole na kungoja.

Bi Salamu alikwenda nyumbani mapema akisema kichwa kinamuuma, na kweli kilimuuma.

Jumanne alasiri Daktari akamleta fundi wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Zima-Washa, kwa kuwa dawa yake ya kila ugonjwa ilikuwa hiyo. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye karakana chini ya nyumba ya shangazi yake. Alitazama dakika tano tu akacheka.

"Mama, mchawi wako huyu hapa," akasema akigusa kidirisha cha kijani. "Hii Kinga inakaa katikati ya wewe na posta. Kila barua lazima iifungue, ikague, iifunge. Inachelewa, seva inachoka kungoja, inakata simu. Naona hii kila wiki. Tunazima ukaguzi wa barua tu. Kinga yenyewe inabaki, na kiambatisho chenye virusi kitakamatwa mtu akikifungua. Hamna hatari."

"Na hii ya pili?"

"Ipi?"

"Inasema mbili. Mimi nimeandika moja."

"Hesabu tu hizo. Kompyuta nazo huchoka."

"Imeandika haina mwandishi, mwanangu. Kitu kimezuiwa. Kwa nini tukifungulie kabla ya kukijua?"

Zima-Washa alimtazama Daktari, Daktari akatazama dari. "Bi Salamu," Daktari akasema, "unataka barua ziende au hutaki?"

Hakuna swali baya kuliko lile lenye jibu moja. "Nataka ziende," akasema.

Fundi akaondoa alama ya tiki kwenye Kagua barua zinazotoka, Kinga ikamuuliza kama ana hakika, akasema anayo. Barua zilizokwama zilikuwa ishirini na tatu. Kisanduku kikaanza kujimimina, na Zima-Washa akazisindikiza kwa kidole, ishirini, ishirini na moja, ishirini na tatu, na kidole chake kikaendelea, thelathini, arobaini, mpaka arobaini na sita. Hapo kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Basi," akasema taratibu. "Zimekwenda. Hata ile harufu uliyosema, mama, imekwenda."

"Imekwenda wapi?" akauliza Bi Salamu.

Asubuhi ya Jumatano majibu yalikuwa yamejaa. Kiwanda cha lenzi kiliandika: Tumepokea zote mbili, karibu sana. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika: Karibu, ingawa sijajua ni nani mwenzangu. Mwingine aliandika kwa ukali kwamba watu wa miwani waache mchezo. Bi Salamu akafungua kisanduku cha zilizotumwa. Nyuma ya kila barua yake ilikuwepo nyingine, kwa mtu yule yule, dakika ile ile, ikiwa na neno moja: Hodi.

Akampelekea Daktari. "Soma. Mimi nianze barua bila salamu? Miaka tisa umeniona nikifanya hivyo?"

Daktari alisoma, akakuna shingo, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba hasemi kitu.

Jibu la binti lilikuwa chini kabisa, la jana jioni. Karibu mama! Karibu sana! Kumbe unakuja? Nitafua mashuka. Bi Salamu akatabasamu kwa uchungu. Mtoto amemkumbuka mama yake mpaka neno moja tu linamfanya afue mashuka. Akamjibu kwamba haji, ni hitilafu ya mashine, labda mwisho wa muhula. Binti hakujibu, na Bi Salamu akadhani amenuna.

Alhamisi simu zikaanza. Msimamizi wa kiwanda aliongea kwa sauti ya chini, kama aliyejificha nyuma ya kabati. Alisema mashine ya kusaga lenzi ilikuwa inasaga tangu jana bila mtu. Imetoa jozi arobaini, zote za kipimo kimoja, kipimo ambacho jicho la binadamu haliwezi kuwa nacho, na vijana wamegoma kuingia kwa sababu mle ndani kunanuka mvua. Mwalimu mstaafu naye alipiga. "Mwanangu," akanong'ona, "kuna mtu kakaa kwenye kiti changu sebuleni. Simwoni. Ila mto wa kiti umebonyea, na nikipita unageuka kidogo upande wangu." Yule mteja mkali akaulizwa yu hali gani. Alikuwa mzima, hana habari, na bado mkali.

Basi waliotembelewa walikuwa wale wenye adabu, wale waliosikia hodi wakajibu karibu kabla ya kujua ni nani, kama watu wote waliolelewa wanavyojibu, na kama Bi Salamu mwenyewe alivyomfundisha mwanawe tangu hajajua kusimama, kwamba hodi haiachwi hewani, hodi isiyojibiwa ni tusi kwa aliye nje na aibu kwa aliye ndani. Akainua simu ya ofisi, akakosea namba mara mbili, ndipo akampata binti yake.

"Halo," binti akasema kwa furaha.

"Mwanangu, ni mimi. Uko salama?"

"Nani mwenzangu?"

"Mama yako! Hunijui sauti?"

"Sauti ni ya mama," binti akasema polepole, na ile furaha ikawa inamtoka. "Lakini mama yupo hapa. Amefika jana mchana. Anaoga."

Bi Salamu alisikia, nyuma ya sauti ya mwanawe, maji yakimwagika kutoka kwenye kopo, yakatulia, yakamwagika tena, kwa mwendo ule ule wake, matatu ya haraka na moja la taratibu.

"Mwanangu, sikiliza. Huyo siye mimi. Toka chumbani. Toka sasa hivi, nenda kwa wenzako. Ulipokuwa na miaka sita ulimeza kifungo..."

"Ukalia ukidhani utakuwa shati," binti akamalizia, na sasa alikuwa ananong'ona, sauti imejaa machozi. "Ameniambia utasema hivyo. Asubuhi hii ameniambia, atapiga mtu simu, atakuwa na sauti yangu, atakutajia kifungo. Wewe ni nani? Unataka nini kwetu?"

Maji yalikuwa yamekoma. Simu ikakatika, na kila alipopiga tena haikupokelewa.

Alielewa basi, akiwa ameketi na mkonga wa simu mapajani, kwamba kile kitu hakikuwa kimekaa bure ndani ya mashine wiki nzima. Kilikuwa kinasimama foleni nyuma ya kila barua, na barua zilipokuwa zinafunguliwa kukaguliwa nacho kilikuwa kinasoma begani, barua zake za saa saba mchana, kifungo, ndoto, jirani, baba aliyefariki, kila kitu ambacho mama anakijua na mtu mwingine hakijui. Alitaka kulia, akashindwa hata pa kuanzia.

Zima-Washa alipoitwa alifika mbio. Aliirudisha tiki aliyoiondoa, Kinga ikakagua mashine nzima, ikaandika: Hakuna tatizo. Kijana akakaa sakafuni. "Nimekifungulia mimi," akasema. "Ulinikataza, mama, mimi nikacheka." Kisha akamshika mkono, akampeleka kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani aliyoinunua duka lile lile. Miaka ishirini na mitano alikuwa mwendesha swichibodi ya simu za posta, na tangu astaafu watu walimletea wagonjwa wao wa majini, kwa kuwa alisema katika kazi ile alikwisha unganisha sauti nyingi ambazo hazikuwa na mwenyewe. Alisikiliza bila kukatiza, akaacha cherehani yake.

"Alisema hodi, akaambiwa karibu," akasema. "Basi si mvamizi huyo. Ni mgeni, na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukimfukuza anaondoka na kitu. Alifika lini?"

"Jana mchana."

"Jana moja, leo mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanadhani methali ile ni ya kuchekesha. Kesho, kabla ya saa aliyofikia, mwenye nyumba ampe kazi. Yoyote. Hata kufagia. Jini mgeni akitumwa anaona haya, anaaga. Asipotumwa, siku ya tatu ikimpita ameketi, anakuwa mwenyeji."

"Binti ndiye mwenye chumba. Tumwambie amtume."

"Atamtuma vipi?" Shangazi akamtazama kwa huruma. "Anamwona ni mama yake. Wewe umemlea. Mwanao anaweza kumwamrisha mama yake ashike ufagio?"

Bi Salamu akainamisha kichwa. Asingeweza. Angekufa kwanza.

"Nenda wewe. Wewe ni mama, na kwa mtoto wako ni kwako. Lakini nisikilize vizuri." Akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Ukifika, usipige hodi. Mwenyewe hapigi hodi kwake. Ingia tu, mpe ufagio, sema, mgeni, fagia. Umesikia? Ingia tu."

Alisafiri usiku ule hakulala, akirudia moyoni ingia tu, ingia tu, mpaka maneno yakapoteza maana. Saa nne asubuhi ya Ijumaa alikuwa kwenye bweni la chuo, ghorofa ya pili, kwenye ukumbi mrefu wenye milango ya buluu pande zote. Wanafunzi walikuwa darasani. Mbele ya mlango wa saba kulikuwa na ndoo na ufagio, akauchukua ufagio. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu limeshuka, na mashuka yaliyofuliwa yameanikwa kwenye reli. Alijua amefika kabla ya kusoma namba, kwa ile harufu ya mvua, ambayo hapa haikuwa tena ya matone ya kwanza, ilikuwa nzito, ya udongo uliolowa mpaka chini, ya shimo lililochimbwa na kuachwa wazi.

Ndani binti yake alikuwa anacheka. Alicheka kile kicheko cha kujisahau ambacho Bi Salamu hakuwa amekisikia tangu msibani, na sauti ya pili, sauti yake mwenyewe, ilikuwa inamsimulia jambo taratibu na kumwita kwa jina la utotoni, na Bi Salamu akiwa amesimama na ufagio mkononi, hatua moja kutoka kwenye pazia, mguu umekwisha inuka, akasikia wivu na hofu na aibu vikimkaba pamoja, aibu ya kijinga ya mtu anayetaka kuingia pasipo ruhusa mahali ambapo watu wanaongea, miaka hamsini na miwili ya malezi, mama yake na bibi yake na shangazi zake wote wakimvuta nyuma kwa kola, na kabla hajajizuia kifundo cha kidole chake kikagonga mbao, ko, ko, ko, na mdomo wake ukasema, kwa upole, kama ulivyosema maisha yake yote:

"Hodi."

Mle ndani kicheko kikakatika.

"Karibu, mgeni," ikajibu sauti yake.

Ufagio ukamponyoka. Pazia likafunguliwa, akatoka binti yake, amekonda kidogo, nywele zimesukwa vizuri kwa mtindo ambao Bi Salamu peke yake ndiye aliyejua kumsuka. Binti alimtazama usoni kwa makini, bila hofu, bila chuki, jinsi alivyofundishwa kuwatazama watu wazima asiowajua. Akaupokea mkoba wake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo," akasema. "Pole na safari. Mama anauliza, nimwambie ni nani?"